Ngozi ikichonyota, ipunguzie vitu

Wiki iliyopita dada mmoja kanimwagia mkoba wake mezani, chupa na vikopo 11, sabuni ya uso, tona, skrabu, seramu mbili, mafuta ya kung'arisha, na uso wenyewe umebabuka pembeni ya pua mpaka maji matupu yanamchonyota. Ananiuliza, "Dokta, hapa nimekosa kipi?" Nikamwambia hujakosa kitu dada'angu, umezidisha. Tukabakiza losheni moja tu.

Naona wagonjwa wa ngozi hapa Dar karibu kila siku na hili linaniuma kwelikweli. Ngozi ya juu ni kama paa la makuti, kuti limelalia kuti, katikati kuna mafuta yanayoshikilia, sasa kila ukisugua na dodoki au ukipaka kitu kikali unachomoa kuti moja, halafu unashangaa nyumba inavuja. Sabuni ya kipande pH yake, yaani kipimo cha utindikali au umagadi, ni kama 9 mpaka 10 wakati ngozi inataka kama 5 hivi, ndo maana ukinawa uso unakakamaa.

Kwa hiyo wiki 4 za kwanza tunapumzisha. Asubuhi nawa kwa maji tu, yasiwe ya moto, jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu paka losheni isiyo na manukato, kisha sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 kwenda juu. Chagua yenye zinki oksaidi, mara nyingi haiwashi, ila kwa ngozi zetu nyeusi inaacha weupe kama umejipaka unga, kwa hiyo tafuta ile yenye rangi kidogo. Usiku tumia sabuni ya maji laini isiyo na povu jingi, losheni ileile, na pale palipokauka sana gusia mafuta ya mgando kidogo. Basi, hakuna kingine.

Manukato ndo adui mkubwa. Geuza chupa usome nyuma, ukikuta "parfum" au "fragrance" irudishe, hata kama mbele wameandika ni ya asili. Na ndimu jamani, najua bibi zetu walitumia, ila ndimu usoni halafu ukatoka juani inaunguza na kuacha madoa meusi miezi na miezi, nimeyaona sana.

Ngozi ikitulia na unataka kuongeza kitu, ongeza kimoja tu, na kwanza kijaribu mkononi, kwa ndani karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7 mpaka 10. Wengi wanajaribu dakika tano wanasema iko poa, wakati aleji mara nyingi inachukua siku kadhaa kujitokeza.

Ila kama umekuwa kwenye mkorogo, au krimu yenye dawa kali za steroidi kama clobetasol au betamethasone, kwa miezi mingi, haya niliyoandika hayatakutosha. Ukiacha, uso unaweza kuwaka moto, ukawa mwekundu au ukatoka vipele, na hapo ndo watu wengi wanarudia wakidhani ile krimu ilikuwa inawasaidia, kumbe ngozi inaidai steroidi. Usipambane nayo peke yako nyumbani, nenda kliniki ya ngozi, na usione aibu, beba na vikopo vyenyewe tuvione.