Kazi kubwa ya kocha wa baiskeli ni kukupunguzia

Wengi wanaonitafuta niwafundishe huja na swali moja: niongeze nini? Wanataka mazoezi makali zaidi, kilomita zaidi, milima zaidi. Huwa nawaomba kwanza wanitumie rekodi zao za miezi miwili mitatu iliyopita, na karibu kila mara nakuta jambo lilelile. Mtu ana kazi, ana familia, anajiibia saa sita hadi nane kwa wiki za kuendesha, na zote anazimaliza kwa mwendo mmoja: si wa taratibu kiasi cha kumpumzisha, wala si mkali kiasi cha kumjenga. Akitoka peke yake anashindana na muda wake wa wiki iliyopita. Akitoka na wenzake anashindana na wenzake. Juhudi anayo tele. Anachokosa ni mtu wa kumwambia: leo hapana, leo polepole.

Mwili haupati nguvu wakati unakanyaga. Wakati huo unachoka na kuchakaa kidogo. Nguvu huja baadaye, ukishakula na kulala, unapojikarabati na kujiongezea akiba kwa ajili ya kazi nyingine kama ile. Mazoezi marefu mepesi huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, huongeza mitokondria zinazozalisha nishati kwenye seli, na huuzoesha mwili kutumia mafuta. Mazoezi makali huinua kiwango cha oksijeni unachoweza kutumia na muda unaoweza kuhimili mwendo wa juu. Huo wa katikati unaopendwa na wengi nao una faida yake, ila ukiufanya kila siku unakula nguvu ambazo ungezitumia siku ya kazi kweli. Mtafiti Stephen Seiler alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa michezo ya stamina, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Mwenye saa sita kwa wiki si lazima afuate hesabu hiyo kwa rula. Mimi humpa siku mbili za kazi ngumu, zilizobaki nyepesi, na hapo ndipo ubishi wetu huanza.

Wepesi wenyewe una kipimo. Njia ya kawaida ni jaribio la dakika 20: unasukuma kadiri unavyoweza kuhimili mpaka mwisho, unachukua wastani wa wati zako (wati ni kipimo cha nguvu unayoisukuma kwenye pedali, kifaa cha kwenye baiskeli hukuonyesha), unauzidisha kwa 0.95. Jibu ndilo makadirio ya kizingiti chako, yaani nguvu unayoweza kuishikilia kwa takriban saa nzima. Tuseme kimetoka wati 240. Siku nyepesi kwako ni kati ya asilimia 56 na 75 ya hapo, yaani wati 134 hadi 180. Sasa mwambie mtu aliyezoea kusukuma 200 kila siku kwamba Jumatano asizidi 160. Anaona kama umemtukana. Kwenye kilima kidogo itabidi ashushe gia mpaka ya mwisho na kuvumilia kupitwa na mtu mwenye baiskeli ya kikapu. Peke yake hawezi; wachache sana wanaweza. Hapo ndipo kocha anapostahili malipo yake.

Upande wa pili ni ile siku ngumu, maana aliyepunguziwa Jumatano lazima Alhamisi afanye kazi. Chukua zoezi la vipande vinne vya dakika nane, mapumziko ya dakika chache katikati. Mmoja ananiletea wati 262, 255, 241, 222. Mwingine ananiletea 244, 244, 245, 247. Wastani wa wote wawili ni 245, na programu ya simu itawapa alama sawa. Kwangu hayo ni mazoezi mawili tofauti kabisa. Wa pili alijua anachofanya, na wiki ijayo nitampandishia kidogo. Wa kwanza namfungulia mstari wa mapigo ya moyo. Ikiwa mapigo yamepanda kila kipande huku wati zikishuka, nashuku joto, upungufu wa maji, au pupa tu ya kuanza kwa nguvu. Ikiwa mapigo yamegoma kupanda na mwenyewe anasema miguu ilikuwa kama imefungwa mawe, nashuku uchovu wa siku nyingi, na zoezi lijalo nalifuta kabla hajaniomba.

Ndiyo maana kila mwanafunzi wangu lazima aniandikie sentensi moja baada ya zoezi, pamoja na namba ya ugumu kati ya 1 na 10. Wazo la kupima ugumu kwa hisia ni la zamani: Gunnar Borg wa Uswidi alitengeneza kipimo chake cha 6 hadi 20, kikilingana kwa makadirio na mapigo ya moyo ya 60 hadi 200. Watu wenye vipima wati vya bei mbaya hudhani hisia ni mambo ya kizamani. Kwangu mimi, kwa wati zilezile namba ya ugumu ikitoka 6 kwenda 8 ndani ya wiki mbili, hiyo ni habari ambayo kifaa hakikuitoa.

Sentensi ninayoiogopa kuliko zote ni hii: "Kocha, leo nilijisikia vizuri nikaongeza viwili." Ameongeza vipande viwili juu ya vinne. Anategemea nimpongeze. Nami namjibu: "Hongera kwa miguu mizuri, ila hivyo viwili nilikuwa nimeviweka wiki ijayo." Siku ya kujisikia vizuri mara nyingi ni matunda ya mapumziko niliyompa, na akiyatumia yote siku hiyohiyo, zoezi linalofuata atalifanya kwa kuburura.

Kuna wanaoniuliza, programu za simu je? Nazitumia kila siku. Zinakusanya uzito wa mazoezi, zinakuchorea mstari wa siku 42 kuonyesha uimara na wa siku 7 kuonyesha uchovu, na michoro hiyo inasaidia kweli. Lakini programu haijui kwamba mtoto hakulala usiku mzima, wala kwamba umekalishwa ofisini mpaka saa nne usiku wiki nzima. Mfanyakazi anayeendesha baiskeli hubomoa ratiba yake karibu kila wiki, na kosa lake kubwa huja baada ya hapo: analipa deni. Zoezi la Jumanne lililomponyoka analisukumia Jumatano, la Jumatano anaunganisha na la Alhamisi, na Ijumaa ni mgonjwa. Kwangu zoezi lililopita limepita. Napanga upya kuanzia siku iliyopo, na mara nyingi wiki inatoka nzuri kuliko ile niliyoiandika mwanzo.

Jambo jingine ninalopigana nalo ni mwendokasi wa wastani, ile namba ambayo kila mtu huitazama kwanza akifika nyumbani. Nguvu ya kushinda upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Kutoka kilomita 30 kwa saa kwenda 33 ni ongezeko la sehemu moja ya kumi tu, lakini nguvu ya kusukuma hewa inaongezeka kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuimarika miezi mitatu mfululizo na kasi yake isionekane kubadilika, kisha siku ya upepo mkali akakata tamaa kabisa. Naiondoa namba hiyo kwenye kioo cha kompyuta ya baiskeli. Wengine hulalamika kwa wiki kadhaa, halafu wanasahau.

Mengine ni madogo lakini yanaleta tofauti haraka. Siti iliyo chini mno huumiza goti kwa mbele. Kwenye safari ya saa tatu, mtu anayekunywa maji matupu hufifia, wakati gramu 60 za wanga kila saa zingemfikisha. Waliozoesha tumbo huenda hadi 90 wakichanganya sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi. Na wiki mbili kabla ya mashindano napunguza saa za mazoezi karibu nusu, ule ukali nauacha palepale. Hapo napata simu nyingi za wasiwasi.

Wanaodhani kocha ni wa wasiojua wakumbuke kinyozi hajinyoi. Chris Boardman, mwendesha baiskeli wa Uingereza aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992, alikuwa mtu wa kuchambua kila kitu mwenyewe, na bado alikuwa na Peter Keen wa kumpangia. Mimi mwenyewe nikiwa na shindano nampa mwenzangu ratiba yangu aikate. Ninayoyaona kwa wengine dakika moja, kwangu siyaoni.

Hata hivyo, si kila mtu namshauri alipe. Mwaka wa kwanza wa baiskeli, ukiendesha mara tatu kwa wiki bila kukosa utaimarika hata bila mtu. Mwenye saa tatu kwa wiki pia, shida yake ni saa, na saa siuzi. Kocha hufaa pale unapofanya bidii ileile kwa msimu mzima na namba zako zimelala. Ukifika hapo, mazungumzo ya kwanza yatakuonyesha ni mtu wa aina gani. Akikutumia ratiba ya wiki 12 kabla hajakuuliza unalala saa ngapi, unafanya kazi gani na umewahi kuumia wapi, hiyo ratiba aliiandika kabla hujampigia. Muulize anasoma rekodi zako mara ngapi, anajibu ujumbe baada ya muda gani, na atafanya nini wiki utakayoumwa mafua. Kisha mpe miezi mitatu, maana chini ya hapo wala yeye wala wewe hamtajua kilichofanya kazi, na rudieni jaribio la dakika 20 kwenye barabara ileile.