Je, Wajua Kwa Nini Mkasi wa Upasuaji Hautakaswi kwa Kuchemshwa Tu?

Nyumbani, maji yakishachemka tunayaamini. Tunachemsha ya kunywa, tunachemsha chupa ya mtoto, na zamani zahanati nyingi zilichemsha mabomba ya sindano kwenye kijisufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Leo ukiingia chumba cha upasuaji, mkasi utakaoukuta mezani haukutoka kwenye sufuria. Umetoka kwenye mashine nzito ya chuma yenye mlango wa kukazwa, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa na kukaa ndani ya mvuke wa nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Maji ya kuchemka yana nyuzi 100. Hizo 21 za juu zinafanya kazi gani?

Kwanza tuipe sufuria haki yake. Maji yanayotokota huua karibu kila kijidudu tunachokijua kwa jina: cha kipindupindu, cha homa ya matumbo, cha kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, virusi vya homa ya ini. Kifaa kilichosafishwa vizuri kisha kikachemshwa dakika 20, zikihesabiwa tangu maji yanapotokota sawasawa, kimepukuswa kwa kiwango cha juu sana, yaani vijidudu vyake karibu vyote vimekufa. Tatizo ni wachache wanaobaki.

Wachache hao ni spora. Kuna bakteria ambao wakikosa chakula au maji hawafi, bali kila mmoja hujitengenezea ndani yake punje ngumu yenye ganda la tabaka kadhaa, kisha hulala. Bakteria wa pepopunda ni mmojawapo. Mwingine ni wa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaujua kwa ng'ombe anayeanguka ghafla na kutoka damu puani. Mwingine ni yule anayefanya jeraha lioze na kujaa gesi. Ndani ya punje hiyo maji yamepungua sana. Joto huua kijidudu kwa kuvuruga protini zake, na protini iliyokauka haivurugiki kirahisi. Ndiyo maana spora hukaa udongoni miaka na miaka, na baadhi hustahimili kuchemshwa hata kwa saa kadhaa. Ukiwa nazo juu ya ngozi nzima huna la kuogopa. Ila zikiingizwa ndani ya tumbo lililopasuliwa, au kwenye kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu, zinapata uvuguvugu, unyevu na chakula, nazo zinaamka.

Jambo hili liliwasumbua sana wanasayansi wa karne ya 19. John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi London, alikuwa anachemsha maji yaliyorowekwa nyasi kavu na kuyakinga na vumbi, nayo yanakaa bila kuharibika. Baadaye yakaanza kuvunda hata baada ya kuchemshwa kwa muda mrefu, hasa pale nyasi zilipokuwa kuukuu. Mwaka 1876 Ferdinand Cohn alieleza spora za bakteria wa nyasi, na mwaka huohuo Robert Koch akaonyesha za kimeta. Tyndall alipata njia yake: chemsha, acha zilizolala ziamke, chemsha tena kabla hazijajifunga upya, kisha rudia. Njia hiyo inafanya kazi, lakini mgonjwa wa kidole tumbo hawezi kusubiri siku tatu mkasi uwe tayari.

Jibu lililodumu lilitoka Paris. Mwaka 1879 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza chombo cha mvuke chenye kifuniko cha kukazwa, ambacho hospitalini huitwa otoklevu. Wazo la kufungia mvuke lilikuwa limeshatimiza miaka 200, kwani Denis Papin alitengeneza chungu cha namna hiyo mwaka 1679 ili kulainisha mifupa. Presha kuka inayoivisha maharage yako ni ya ukoo huohuo. Sufuria ya wazi haipiti nyuzi 100 hata uchochee moto namna gani, maana moto wa ziada unaishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Ukiufungia mvuke huo, kanieneo, yaani presha, hupanda na joto hupanda pamoja nayo. Kanieneo ikifika takriban mara mbili ya ile ya hewa ya usawa wa bahari, mvuke unafika nyuzi 121. Kwa joto hilo hata spora sugu hazimalizi dakika nyingi, na kwa ajili ya usalama vifaa vilivyo wazi huachwa dakika 20, vilivyofungwa dakika 30. Kwenye mashine zinazonyonya hewa kwanza na kufika nyuzi 134, dakika 3 au 4 zinatosha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ni joto peke yake. Oveni kavu nayo hutakasa vifaa vya chuma, lakini inahitaji nyuzi 170 kwa saa nzima, au 160 kwa saa mbili. Mvuke unashinda kwa sababu unalowesha, na protini iliyolowa huvurugika upesi. Tena unabeba joto jingi lililofichika. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 hutumia kilojuli 335 hivi, na kuyageuza yote kuwa mvuke hutumia nyingine zaidi ya 2,200. Mvuke ukikutana na chuma ambacho hakijapata joto unageuka maji palepale, na joto lile lote unaliacha juu ya chuma.

Ila sharti uguse. Hapa ndipo hewa inapokuwa adui mkubwa wa anayetakasa vifaa. Hewa ikibaki katikati ya furushi la mashuka, mvuke haufiki, na kipimo cha joto ukutani mwa mashine kinaweza kusoma 121 wakati katikati ya furushi mambo ni mengine kabisa. Mwaka 1963 J. H. Bowie na J. Dick walipendekeza jaribio ambalo hadi leo hufanywa kila siku, kabla ya mzigo wa kwanza, kwenye mashine zinazonyonya hewa: karatasi inayobadilika rangi inawekwa katikati ya rundo la taulo, mashine inawashwa, kisha karatasi inatazamwa. Rangi ikiwa sawa kote, kazi ianze. Pakiwa na doa lililofifia katikati, hewa ilibaki, na mashine hiyo haitumiki mpaka fundi aiangalie. Kwa sababu hiyohiyo mkasi huwekwa ukiwa umefunguliwa, bakuli hulazwa ubavu, na mafurushi hayashindiliwi.

Nimesema mengi kuhusu mvuke, lakini kwa maoni yangu kazi kubwa imeshafanyika kabla mkasi haujaingia kwenye mashine. Imefanyika kwenye sinki.

Chukua koleo dogo la kubania mishipa ya damu. Lina meno membamba ndani ya midomo yake, lina kiungo ambapo mikono miwili inapishana, na karibu na vidole lina ngazi ndogo za kulifungia. Damu hujificha kote huko. Ikikauka inashika kama gundi, na kijidudu kilicho chini yake kinakuwa kimejengewa ukuta: mvuke haukifikii, dawa haikifikii. Koleo likitoka mezani halipaswi kukauka. Hufunikwa kwa taulo lililolowa maji, na si maji ya chumvi ya dripu, maana chumvi hula chuma. Kisha hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi laini na sabuni maalumu ya vifaa, likiwa chini ya usawa wa maji ili matone yasiruke usoni. Brashi inapita kwenye meno, inazunguka kiungo, inaingia kila ngazi. Anayeosha amevaa glavu nene, aproni isiyopitisha maji, miwani na barakoa, na amechanjwa homa ya ini aina ya B. Kisha suuza, kausha, peleka kwenye mwanga. Ukiona chembe ya kahawia kwenye kiungo, rudisha sinki. Kifaa kinaweza kuwa safi bila kuwa kimetakaswa, lakini kichafu hakitakasiki hata ukikipika kutwa.

Wengi waliosomea uuguzi na ukunga Afrika Mashariki wanaikumbuka ndoo ya Jik. Tulifundishana kwamba kifaa kikitoka kwa mgonjwa kitumbukizwe kwanza kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, yaani sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Nia ilikuwa njema: kumlinda anayeosha. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema vifaa visirowekwe kwenye dawa kabla ya kuoshwa. Damu huidhoofisha dawa, klorini hula chuma na kukitia kutu, na anayeosha akiiamini ndoo anaweza kulegeza kinga yake mwenyewe. Nadhani mabadiliko haya ni sahihi, ingawa ndoo hiyo ni mazoea ya miaka mingi na bado inaonekana kwenye vituo. Kinachomlinda mwoshaji ni glavu, miwani na maji yasiyoruka.

Si kila kifaa kinahitaji mvuke. Mmarekani Earle Spaulding alitoa mpango ambao dunia nzima inaufuata: tazama kifaa kinagusa wapi. Kinachoingia ndani ya mwili au kwenye damu lazima kitakaswe kabisa, spora zikiwemo. Kinachogusa utando laini kama wa koo au uke, mfano kipanua uke, angalau kipukuswe kwa kiwango cha juu, na hapo kuchemsha kunakubalika. Kinachogusa ngozi nzima, kama kifaa cha kupimia presha, kisafishwe tu. Kamera nyembamba za kuangalia tumbo ni shida ya peke yake, kwa kuwa haziwezi kustahimili nyuzi 121, zina mifereji mirefu ndani, na hutegemea kuoshwa kwa mkono kwa uangalifu kabla ya kuloweshwa kwenye dawa kali.

Gharama ya kuruka hatua inajulikana vizuri Kongo. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa nje, wodi na kliniki ya wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu, na mara nyingine yalichemshwa mwisho wa siku. Ndipo ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ukaingia. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280, na katika watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Virusi vya Ebola havina spora. Kuchemsha kila bomba kila baada ya mgonjwa kungeviua. Wale watu hawakushindwa na kijidudu sugu, walipungukiwa mabomba, na hilo ni jambo la bajeti na ugavi kabla halijawa la muuguzi.

Turudi kwenye furushi letu. Juu yake kuna tepu yenye mistari iliyofifia, ambayo hugeuka myeusi ikipita kwenye joto. Watu wengi, hata watumishi, huisoma vibaya. Mistari myeusi inasema tu kwamba furushi hili liliingia kwenye mashine. Haisemi lilikaa muda wa kutosha, wala kwamba mvuke ulifika katikati. Kwa hiyo ndani ya furushi huwekwa karatasi nyingine inayopima joto, muda na mvuke kwa pamoja, na anayefungua mezani huisoma kabla hajagusa chochote. Mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, hutumiwa kipimo kikali zaidi: spora hai za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, mojawapo ya zile ngumu kabisa kufa kwa mvuke, zinaingizwa pamoja na mzigo kisha zinawekwa kwenye uvuguvugu ili ionekane kama zitaota. Zikiota, kila kifaa cha mzigo ule kinarudishwa.

Furushi likitoka likiwa limelowa nalo halifai, hata kama karatasi zote zimegeuka rangi. Unyevu hupenya kitambaa na kuvuta vijidudu kutoka nje kuelekea ndani. Liache lipoe ndani ya mashine au kwenye rafu ya waya, na usiliweke la moto juu ya meza baridi. Lililochanika au kuanguka sakafuni linarudia safari nzima.

Wenye vituo vya nyanda za juu wana jambo moja zaidi la kuangalia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kuchemsha kuna nguvu pungufu kuliko Mombasa. Otoklevu nayo inahusika: mshale wa presha hupima ziada juu ya hewa ya pale ulipo, na hewa ya mlimani ni nyepesi, hivyo presha iliyotosha pwani haitafikisha nyuzi 121 huko juu. Fuata kipimajoto, na upandishe presha mpaka joto lifike. Kwenye otoklevu ndogo ya kuwekwa juu ya gesi au mkaa, iache kwanza ipulize hewa yote nje kabla ya kufunga valvu, na anza kuhesabu dakika baada ya joto kufika, si tangu ulipowasha. Joto likishuka dakika ya 12, kwa kuwa umeme umekatika au mkaa umefifia, zile 12 zimepotea, na ukiwasha tena unahesabu kuanzia sifuri.