Mwanagenzi wa Ufundi Bomba Si Mbeba Spana

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, sisi wa upande wa mafunzo ya amali hapa Zanzibar hupata wageni wa aina mbili. Wa mwanzo ni mzazi, mara nyingi mama, amemtanguliza mwanawe mlangoni: "Huyu skuli imemshinda, mtieni kwenye bomba." Wa pili ni kijana aliyekaa na fundi miaka miwili au mitatu, na sasa anataka cheti. Ukimuuliza mkataba uko wapi, anacheka. Ukimuuliza daftari la kazi, anatazama chini. Malalamiko ya huyu wa pili yamekuwa mengi, na ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Kwanza nimjibu yule mama, kwa heshima zake. Ufundi bomba si pahala pa kumpeleka aliyekimbia hesabu, maana hesabu ataikuta huko huko. Maji ya kimo cha mita 10 yanatoa presha ya baa 1. Kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mfereji unaoufungulia maji linatoa baa 0.3, basi, hata liwe la lita 5,000. Ukubwa wa tangi hauongezi presha, kimo ndicho kinachoongeza. Hili nimelieleza mara nyingi kiasi kwamba mke wangu analijua kwa moyo, na bado watu wananunua tangi kubwa zaidi wakitarajia bafu la juu litoe maji kwa nguvu. Bomba la maji machafu la milimita 110 nalo tunalifundisha kwa mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukilaza mno, uchafu unatuama. Ukiinamisha mno, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Kijana asiyetaka kupima atazibua chemba za watu maisha yake yote, na nyingi atakuwa amezijenga mwenyewe.

Sasa tuje kwenye karatasi. Uanagenzi ni mafunzo ya pande mbili: muda fulani kijana yuko kituoni na mwalimu, na muda mkubwa yuko kazini chini ya fundi au kampuni. Kinachoyafanya yawe mafunzo badala ya kibarua ni mkataba, na unatiwa saini kabla ya kazi kuanza. Nasema kabla. Wanaosaini ni kijana, mwenye kazi na kituo, na kijana ambaye hajatimiza miaka 18 anasaini pamoja na mzazi au mlezi. Ndani yake iandikwe muda wa mafunzo kwa miezi, siku za kituoni na siku za kazini, nani hasa atamsimamia (jina la mtu, si "mafundi wetu"), posho ya nauli na chakula kama ipo na inalipwa tarehe ngapi, nani ananunua glavu na viatu, nani anabeba gharama kijana akiumia, na upande mmoja ukitaka kuvunja mkataba utoe taarifa vipi. Jambo lisiloandikwa tunalichukua kuwa halikukubaliwa. "Tulielewana kwa mdomo" si kifungu cha mkataba. Taratibu za kituo na kituo zinaweza kutofautiana, kwa hiyo ulizia kituo kilicho karibu nawe, Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Makunduchi kwa Unguja, Vitongoji au Daya kwa Pemba, kabla hujaacha kibarua ulichonacho. Njoo na cheti cha kuzaliwa, cheti chako cha skuli, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kama umefikia umri wake, na barua ya sheha. Barua ya sheha iwe na jina lile lile lililomo kwenye cheti cha kuzaliwa. Khamis mwenye "Kh" na Hamis mwenye "H", kwenye jalada letu, ni watu wawili.

Baada ya mkataba ni daftari. Kila siku ya kazi ina mstari wake: tarehe, pahala, kazi iliyofanyika, vifaa vilivyotumika, saini ya msimamizi. Mwisho wa wiki msimamizi anaandika maoni yake, na mwalimu akija kukagua anagonga muhuri. Siku isiyo na saini haihesabiwi. Wiki isiyo na maoni inarudishwa. Mwezi ambao haukukaguliwa unafanywa upya, na hapa ndipo watu hukasirika, lakini mtathmini hana kitu kingine cha kushika mkononi. Tunalijua vizuri daftari lililojazwa usiku mmoja: kalamu moja, mwandiko mmoja uliochoka kadiri kurasa zinavyosonga, na siku ya Idd kijana kaandika amefunga sinki.

Mafundi nao wana lao. Fundi anakwambia: namfundisha miezi sita, akishajua kuunga bomba la PPR, lile la plastiki linaloungwa kwa moto, ananunua mashine yake na kuondoka na mteja wangu. Kweli hutokea. Lakini fundi huyo huyo hajawahi kuandika chochote na kijana wake, na kamtuma chai, saruji na sokoni zaidi ya alivyomtuma kwenye bomba. Mkataba unamfunga kijana kama unavyomfunga yeye.

Na hiyo PPR yenyewe ndiyo inayowadanganya vijana, kwa kuwa inaonekana rahisi. Mashine inafika nyuzi 260 za Selsiasi, unatia bomba na soketi, unahesabu, unaunga. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 za moto. La 25 sekunde 7. La 32 sekunde 8. Hivi karibuni nilimwambia kijana aliyejigamba kwamba ana uzoefu wa miaka miwili aniungie elbo, yaani kona, ya 20. Akaunga huku akizungumza na mwenzake. Kwa nje ilipendeza, imekaa sawa, ukingo umezunguka vizuri. Nikachukua msumeno wa hekso nikaipasua kati. Ndani plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imejikunja kama ufizi, tundu limebaki kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nyumba yenye viungo 40 vya namna hiyo haitapata maji, na mwenye nyumba atakwenda kugombana na watu wa maji kwamba hawasukumi. Kijana alinyamaza. Akaniomba ile elbo, akaitia mfukoni.

Kwa hiyo kabla ya kupiga plasta, mfumo unajazwa maji, unapandishwa presha, unaachwa na kipimo kinatazamwa. Fundi anayekwambia "haina haja, mimi najijua" usikubali akufundishe.

Yapo mambo ambayo mwanagenzi hayafanyi hata akiamrishwa. Haungi wala hakati bomba la Mamlaka ya Maji barabarani, na hagusi mita. Kuunganisha maji bila ya kibali au kuchezea mita ni kosa, huduma hukatwa na shauri linaweza kufika mahakamani. "Nimetumwa na fundi" haikuokoi, maana msumeno umekutwa mikononi mwako. Pia hashuki kwenye karo, shimo la maji machafu. Hewa ya mle haina harufu unayoweza kuiamini: gesi yake ikizidi pua inakufa ganzi, na anayeruka kumwokoa mwenzake hulala pamoja naye. Aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi hiyo kabisa. Mwenye kazi anayempeleka anajibu chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2005, na kwetu jina lake linatoka kwenye orodha ya wanaopewa wanagenzi.

Kwa Mji Mkongwe naongeza neno moja. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hautobolewi kama ukuta wa matofali, na nyumba hizo zina mamlaka yake ya hifadhi. Kibali kwanza.

Wazazi huniuliza pia kuhusu watoto wa kike, kwa sauti ya chini, kama kwamba ni jambo la aibu. Mimi naliona soko. Nyumba nyingi baba yuko safari au kazini, na mke haoni vizuri kumwingiza mwanamme asiyemjua hadi bafuni. Atasubiri wiki nzima na mfereji unavuja. Fundi wa kike akipiga hodi anafunguliwa mlango saa hiyo hiyo. Kubeba tangi si hoja, hakuna mwanamme anayelipandisha darini peke yake.

Kwa waliokwisha kukaa na fundi miaka bila ya daftari, msianze kudanganya tarehe. Ipo njia ya kutathminiwa ujuzi ulioupata kazini. Njooni na fundi wenu, au na wateja wawili watatu ambao kazi zenu bado zipo ukutani, na mwulize mtathmini anataka kuona nini. Ataandaa kazi na atakupa bomba.

La mwisho ni kwa walio na daftari. Mnafanya kazi ya maji, litarowa. Likirowa usilianike juani, kurasa zinashikana na muhuri unafutika. Na usilinakili upya kwenye daftari jipya, saini haziwezi kunakiliwa. Lilete hivyo hivyo lilivyo.