Kwa nini nyota tano hazimtoshi daktari?

Je, wajua kwamba programu ya simu inaweza kupendwa na maelfu ya watu huku ikiwadanganya kuhusu presha yao?

Instant Blood Pressure iliuzwa kati ya Juni 2014 na Julai 2015, ikawa miongoni mwa programu za iPhone zilizonunuliwa sana. Mtumiaji aliziba kamera kwa kidole, akaegemeza simu kifuani, kisha akaonyeshwa presha yake bila kufungwa mkanda mkononi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliijaribu kwa watu 85, wakalinganisha majibu yake na ya mashine ya kawaida. Matokeo yalitoka 2016: takriban wanne kati ya kila watano wenye presha ya juu waliambiwa iko sawa.

Sasa mtu wa namna hiyo angetoa nyota ngapi? Kapata habari njema, papo hapo, bila foleni. Tano, bila shaka! Nyota hupima furaha ya mtumiaji. Ukweli wa kipimo ni jambo jingine. Na wasifiaji wenyewe si wa kuaminika wote: Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilidai kuwa mmoja wao alikuwa mkuu wa kampuni iliyoitengeneza.

Kwa hiyo mtaalamu makini wa afya, kabla ya kumshauri mgonjwa atumie programu, huipakua kwanza kwenye simu yake. Kama inapima kitu, huilinganisha na kifaa anachokiamini. Kama inatoa ushauri, huiingizia taarifa za mgonjwa wa kubuni, tuseme mwenye kisukari anayechoma insulini, aone kama itamshauri ashinde bila kula, jambo la hatari kwake. Lipo pia dodoso la kupima ubora wa programu za afya za simu, liitwalo MARS, lililochapishwa na watafiti wa Australia mwaka 2015, lenye maswali 23 kuhusu mvuto, utendaji, mwonekano na ubora wa taarifa. Linasaidia, ingawa mwonekano, kwangu mimi, ungesubiri.

Halafu kuna suala la siri. Programu ya kuhesabu hatua inayotaka orodha ya watu wote uliowahifadhi kwenye simu ina biashara nyingine. Flo, ya kufuatilia hedhi, iliafikiana na Tume hiyohiyo mwaka 2021 baada ya kutuhumiwa kupitisha taarifa za watumiaji kwa Facebook na Google, ilhali iliahidi kuzitunza.

Kazi haiishii hapo, maana programu hubadilika kila inaposasishwa. Iliyofaulu mwaka jana hupimwa upya kabla mgonjwa mwingine hajaambiwa aipakue.