Maumivu ya Mgongo na Sayatika: Maswali na Majibu Kuhusu Tiba ya Fiziotherapia

Maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguuni ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika kila siku katika vyumba vya fiziotherapia, na wanaoyaleta ni watu wa kila namna: dereva wa bodaboda, mama anayelima kwa jembe la mkono, kuli wa bandarini, karani anayekaa kitini mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Walio wengi hawahitaji upasuaji. Wanachohitaji ni kuelewa kinachowasumbua, kisha kuurudisha mwili katika mwendo kwa utaratibu na bila hofu.

Sayatika ni nini, na inatofautianaje na maumivu ya kawaida ya mgongo?

Sehemu ya kiuno ya uti wa mgongo ina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani duara gumu la nyuzinyuzi lenye kiini laini ndani yake. Kandokando ya pingili hizo hutoka mizizi ya neva, na ile ya chini kabisa huungana na kuunda neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, ambayo hupita chini ya misuli ya kalio, ikashuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti kabla ya kufika unyayoni. Diski ikipasuka na kiini chake kikasukumwa nje, mzizi wa neva ulio jirani hubanwa na kuvimba. Jambo hilo lilielezwa wazi na madaktari wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, mwaka 1934. Mgonjwa husikia maumivu kule neva inakoelekea, na ndiyo maana wengi huja wakilalamikia kigimbi ilhali tatizo liko kiunoni.

Maumivu ya kawaida hubaki kiunoni au kwenye makalio, na mgongo huwa umekaza. Sayatika hupita goti, huchoma kama shoti ya umeme, huja na ganzi, na mara nyingi huzidi mtu anapokohoa au kupiga chafya. Hata mahali penye ganzi panasema kitu: ganzi ya kidole gumba cha mguu, pamoja na udhaifu wa kukiinua, huelekeza kwenye mzizi unaotoka pingili ya tano ya kiuno, na ganzi ya upande wa kidole kidogo, pamoja na kushindwa kusimama kwa ncha za vidole, huelekeza kwenye mzizi ulio chini yake.

Nitajuaje kwamba hali yangu ni ya hatari?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri miadi ya fiziotherapia, iwapo umepata ganzi sehemu za siri na eneo linalozizunguka, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, haja kubwa haizuiliki, au miguu yote miwili imeanza kulegea. Hizo ni dalili kwamba fungu zima la neva za chini limebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia mtu ulemavu wa kudumu. Wengi huona haya kutaja mambo ya choo mbele ya mtaalamu, hasa akiwa kijana wa rika la watoto wao. Tafadhali yataje hata kama hujaulizwa.

Katika nchi zetu lipo jambo jingine la kuangaliwa kwa makini, nalo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtu mwenye maumivu yasiyopoa hata akilala, homa za jioni, jasho jingi usiku, uzito unaopungua au kibyongo kilichoanza kujitokeza anahitaji vipimo kwanza, na hapaswi kukandwa wala kunyooshwa mgongo kabla sababu haijajulikana. Hali kadhalika aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka au kupata ajali, na yule ambaye unyayo wake umeanza kuburuta anapotembea.

Je, si lazima nipigwe picha ya MRI kabla ya kuanza tiba?

Kama huna dalili zilizotajwa hapo juu, kwa kawaida si lazima. Eksirei huonyesha mifupa, lakini diski na neva hazionekani humo. MRI huonyesha vyote, na hapo ndipo matatizo mengine huanzia, kwa sababu huonyesha pia mabadiliko ambayo hayana uhusiano wowote na maumivu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994, watu 98 wasio na maumivu ya mgongo walipigwa MRI, na zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na diski iliyotuna walau sehemu moja. Watu hao walikuwa wazima, wakiendelea na maisha yao.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona jinsi maneno kama "pingili zako zimesagika" yanavyomfunga mtu. Akishayasikia, huacha kuinama, huacha kubeba mtoto, huacha kutembea, na misuli inayopaswa kuushika mgongo hudhoofika mwezi hadi mwezi mpaka maumivu yanakuwa makubwa kuliko yalivyoanza. Mabadiliko mengi ya aina hiyo ni ya umri, na vipande vya diski vilivyochomoka mara nyingi husinyaa vyenyewe baada ya muda. Picha ina nafasi yake pale ambapo dalili za hatari zipo, au upasuaji unafikiriwa baada ya wiki nyingi bila nafuu.

Nilale mpaka maumivu yaishe?

Hapana. Utafiti uliofanyika Finland na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa wenye maumivu mapya ya mgongo walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioagizwa kulala siku mbili. Mwenye sayatika kali anaweza kuhitaji kujinyoosha mara kwa mara mchana, lakini kitanda kisiwe makazi yake.

Mtaalamu wa fiziotherapia hufanya nini hasa siku ya kwanza?

Husikiliza kwanza: maumivu yalianzaje, yanafika wapi, yanazidi wakati gani, na kazi yako inakutaka ufanye nini. Kisha hukulaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, mzizi wa neva huenda umebanwa. Atakutaka utembee kwa visigino na kwa ncha za vidole, atagusa ngozi kutafuta ganzi, atagonga goti na kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira.

Baada ya hapo huja sehemu ambayo kwa maoni yangu ina thamani kuliko zote, nayo ni kukutaka urudie mjongeo mmoja mara nyingi huku akifuatilia maumivu yanahamia wapi. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa wa mguu ambaye hakuwa akipata nafuu. Siku moja mgonjwa huyo alilala kifudifudi kwenye kitanda cha tiba ambacho upande wa kichwa ulikuwa umeinuliwa, mgongo ukajikunja kwa nyuma kwa dakika chache, na aliposimama maumivu ya mguu yalikuwa yametoweka. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga mbinu inayofuatwa hadi leo katika nchi nyingi.

Kanuni yake ni hii: maumivu yakitoka unyayoni yakarudi gotini, kutoka gotini yakarudi kwenye kalio, na mwishowe yakabaki kiunoni peke yake, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kimeuma zaidi kwa muda. Kinyume chake, zoezi linalosukuma maumivu kuelekea unyayoni linapaswa kusimamishwa. Wagonjwa wengi huacha zoezi sahihi kwa sababu kiuno kimeuma, bila kutambua kwamba mguu umepona nusu.

Naweza kuanza na zoezi gani nyumbani?

Kwa mwenye sayatika ya diski, ambaye huumia zaidi akikaa au akiinama, mara nyingi tunaanza hivi. Tandika mkeka sakafuni na ulale kifudifudi kwa dakika mbili au tatu, mikono ikiwa kandoni. Ukiweza, jiinue uegemee viwiko na ubaki hapo kwa muda kama huo huku ukipumua taratibu. Hatua ya tatu, weka viganja chini ya mabega na uinue kifua kwa nguvu za mikono pekee, nyonga zikibaki kwenye mkeka na makalio yakiwa yamelegea, kisha shuka. Rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Kosa la kawaida ni kukaza makalio na kunyanyua nyonga, jambo linalofanya kiuno kisijikunje kabisa.

Zoezi hili si la kila mtu. Mzee ambaye miguu humjaa uzito na maumivu akitembea, kisha akapata nafuu akikaa au akiinama mbele, huenda ana mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa, na yeye hufaa zaidi kulala chali na kuvuta magoti kifuani. Mama mjamzito halali kifudifudi. Ndiyo maana ni bora kupimwa kabla ya kuiga mazoezi ya jirani.

Vipi kuhusu mkanda wa mgongo, kukandwa na sindano za maumivu?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya chini ya mgongo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kukandwa, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Kukandwa kwa upole kwa mafuta ya nazi hulegeza misuli na kunaweza kukupa nafuu ya kufanya mazoezi. Kukanyagwa mgongo au kuvutwa mguu kwa nguvu ni hatari. Dawa kama diklofenaki zinafaa kwa siku chache kwa maelekezo ya daktari, lakini zikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Nifanyeje kuhusu swala na choo cha kuchuchumaa?

Rukuu na sujudu huukunja mgongo kwa mbele, na katika siku za mwanzo zinaweza kuyashusha maumivu mguuni. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi, hivyo tumia kiti kwa muda, kisha rudi kwenye sujudu taratibu mguu unapotulia. Kwa choo, tafuta kiti chenye tundu au ukuta wa kushikilia, na ule mboga, matunda na maji ya kutosha, kwani kujikamua huzidisha maumivu.

Ni lini naweza kurudi kazini, na je, nitabeba tena ndoo ya maji?

Sayatika nyingi hupungua sana katika wiki 6 hadi 12. Usisubiri maumivu yaishe kabisa. Rudi kwa kazi nyepesi na saa chache, kisha ongeza. Dereva wa bodaboda ashuke kwenye pikipiki kila baada ya safari moja au mbili, asimame, aweke viganja kiunoni na kujikunja kwa nyuma mara tano au sita.

Kuhusu ndoo, ile ya lita 20 ikijaa huwa na uzito wa kilo 20 hivi, na mgongo uliopumzishwa wiki kadhaa hauwezi kuirukia siku moja. Anza na dumu la lita 5 kwa kila mkono. Lisogeze karibu na miguu, kunja magoti, liinue likiwa karibu na mwili, na ukitaka kugeuka, geuka kwa miguu. Ukilibeba wiki nzima bila mguu kukuuma usiku, panda hadi lita 10. Mazoezi ya mkeka yaendelee walau mara moja kwa siku hata baada ya kupona, kwa sababu maumivu haya yana tabia ya kurudi, na anayelijua zoezi lake hulianza asubuhi ile ile dalili ya kwanza inapojitokeza.