Je, wajua kwa nini mota ya DC ya spindeli (shina la mashine linalozungusha kisu au kazi) haigeuzwi mwelekeo kabla haijasimama?

Chomoa mota ya DC yenye sumaku za kudumu kutoka kwenye draivu yake (kifaa kinachoilisha umeme), weka mita kwenye volti za DC, kisha zungusha shafti kwa mkono. Mita inasoma. Sasa gusanisha waya mbili za mota uzungushe tena: shafti imekuwa nzito, kama imekwama kwenye matope. Mota inayokula umeme huuzalisha pia kila inapozunguka, na matatizo yote ya kugeuza spindeli ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) yanaanzia hapo.

Kugeuza kwenyewe ni kazi ndogo: unabadilishana waya mbili za amecha (sehemu ya mota inayozunguka), basi. Hesabu ndiyo inayotisha. Chukua mota ya volti 180 inayokula ampea 3, amecha yake ikiwa na ukinzani wa ohm 3. Ikiwa kwenye mwendo kamili inazalisha volti 171 zinazopingana na draivu, na zile 9 zilizobaki ndizo zinazosukuma ampea 3. Geuza waya wakati huo: volti 171 zinaacha kupinga, zinajiunga na 180 za draivu. Volti 351 kugawanya kwa ohm 3 ni ampea 117.

Wengine hudhani ukizima draivu kwanza umesalimika. Hapana. Draivu nyingi za thairista (swichi ya kielektroniki) za mwelekeo mmoja zina daiodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na mota. Waya zikigeuzwa mota ikiwa bado inakimbia, daiodi hiyo huwa njia wazi, na mota inapigwa shoti kupitia humo: 171 kugawanya kwa 3, ampea 57, bila draivu kuwa na la kusema. Fyuzi ikichelewa, daiodi au thairista inaondoka. Brashi za kaboni zinatoa cheche, na sumaku zinaweza kudhoofika moja kwa moja. Utaigundua mota hiyo kwa kukimbia kasi kuliko zamani bila mzigo, lakini ikizidiwa mara tu kisu kinapogusa chuma.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu. M5 (amri ya kusimamisha spindeli) inapokuja, draivu inafungwa. Baada ya muda mfupi rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya breki inaunganisha rezista kwenye amecha. Kwa mota yetu, rezista ya waya ya ohm 25 na wati 100 inafaa: mkondo unaanzia ampea 6 hivi, yaani mara mbili ya kawaida, kisha unashuka haraka. Spindeli ikisimama, breki inaachia, ndipo rilei ya mwelekeo inageuka, na draivu inafunguliwa mwisho kabisa. Breki na draivu zisiwe hai kwa pamoja hata kwa nukta moja.

Rilei nazo zina mtego. Zile ndogo za bluu huandikwa 10A 250VAC, na pembeni yake 10A 30VDC. Umeme wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche inakufa yenyewe. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka mpaka pointi zinashikana. Tumia kontakta (rilei kubwa) iliyoandikiwa volti zako za DC, na hata hiyo igeuke mkondo ukiwa sifuri.

Utajuaje imesimama? Kuandika G4 P3 (amri ya kusubiri) kati ya M5 na M4 (amri ya kuzungusha kinyume) ni kubahatisha: programu za kuongoza mashine za GRBL na LinuxCNC husoma sekunde 3, vidhibiti vya Fanuc husoma milisekunde 3. Tena mtu akiandika M4 kwa mkono, hakuna G4 ya kumzuia, na GRBL hugeuza pini ya mwelekeo papo hapo. Kizuizi kiwe kwenye saketi yenyewe. Sensa ya pigo moja kwa mzunguko ikikaa nusu sekunde bila pigo, spindeli iko chini ya mizunguko 120 kwa dakika, na kwa mota ya 4,000 hizo ni volti 5 tu. Ila waya wa sensa ukikatika, kimya chake kinafanana na kusimama. Ndiyo maana ni bora kupima volti za amecha pia, kupitia optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila waya kugusana), kwa sababu draivu nyingi za aina hii hazijatengwa na umeme wa ukutani.

Kabla ya yote hayo, tazama vilivyofungwa kwa hesi. Chaku (kishikio cha kazi) iliyokazwa kwa hesi kwenye spindeli hufunguka ikizungushwa kinyume, nayo haiangukii palepale. Mota zilizotolewa kwenye mashine za mazoezi ya kukimbia mara nyingi zina flaiwili (gurudumu zito) ya hesi yenye tabia hiyohiyo.

Na ukikata hesi kwa tepu ukitumia G33.1 ya LinuxCNC (amri ya kukata hesi), kumbuka ekseli, yaani mhimili unaoshusha tepu, inaifuata spindeli. Ikichukua mizunguko minne kusimama, tepu ya saizi ya M6, inayoshuka milimita 1 kwa kila mzunguko, itashuka milimita 4 zaidi ya ulipoiambia. Toboa tundu refu zaidi kwa kiasi hicho, au nunua draivu inayogeuza yenyewe.