Nyama ya kondoo mwitu: maswali ya kabla ya kuinjika sufuria

Magharibi mwa Texas, Marekani, kuna mnyama wa milimani mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na manyoya marefu yanayoning'inia kutoka kooni hadi kifuani. Wenyeji humwita audadi. Asili yake ni Afrika Kaskazini. Texas aliachiliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye korongo la Palo Duro, akaongezeka. Wataalamu humweka katikati ya kondoo na mbuzi, lakini jikoni mhesabu kuwa kondoo mgumu. Anawindwa mwaka mzima kwenye ardhi za watu binafsi, kwa leseni na ruhusa ya mwenye ardhi, kwa hiyo nyama yake inafika hata kwenye meza za Wakongomani na Waafrika Mashariki wanaoishi huko.

Nyama hii huharibika wakati gani?

Mara nyingi huharibika kabla haijafika nyumbani. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, na mnyama aliyetoka kuangushwa ana joto la karibu nyuzi 39. Ngozi na manyoya yake ni blanketi linalozuia joto lisitoke. Toa matumbo papo hapo, usisubiri kumaliza kupiga picha, kisha chuna.

Sehemu inayosahaulika ni paja la nyuma. Juu limepoa, ila ndani, kwenye kiungo cha nyonga, bado lina moto. Hapo ndipo nyama huoza kuanzia mfupani, na harufu utaisikia siku ya pili unapoikata. Tenganisha mapaja na mwili, na kama jua ni kali pasua nyama kufuata mfupa ili hewa iingie. Ukiweka kwenye boksi la barafu, acha barafu ndani ya mifuko yake, fungua kizibo cha chini na uliinamishe boksi kidogo. Nyama inayoogelea kwenye maji ya damu haihifadhiki, hata kama maji yenyewe ni baridi.

Risasi imepita tumboni. Nioshe nyama yote?

Hapana. Maji hutembeza kinyesi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kata na utupe kila kilichoguswa na uchafu wa utumbo, futa kisu, halafu endelea. Vaa glavu muda wote: kondoo wana ugonjwa wa virusi uitwao ofu, unaotoa vidonda mdomoni mwao na unaoingia kwa mtu kupitia mchubuko wa mkono. Kupika vizuri huua virusi hivyo, lakini wewe unaambukizwa ukiwa bado unachuna.

Nimezoea kuloweka nyama kwenye ndimu. Kuna ubaya?

Kwa nyama ya buchani, hakuna. Kwa nyama iliyopigwa bunduki, upo. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa ile inayotoka kwenye bunduki na kwa madini yenyewe, na hapa neno hilo linatukumbusha jambo la kweli: risasi ya madini ya risasi inapogonga mfupa husambaratika kuwa vipande vidogo ambavyo jicho halivioni na jino halivihisi. Mwaka 2008 jimbo la Minnesota lilifanya jaribio la kupiga risasi mizoga ya kondoo wa kufugwa na kuipiga picha za eksirei. Vipande vingine vilikutwa zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye jeraha, na kuosha nyama kulihamishia madini hayo sehemu nyingine.

Ndimu na siki ni asidi, na asidi huyayusha madini ya risasi yakaingia kwenye nyama na mchuzi. Kwa hiyo kata kwa ukarimu kuzunguka jeraha, usiwe bahili, na nyama ya bega iliyo karibu na tundu usiitie ndimu, siki wala nyanya nyingi. Mjamzito na watoto wadogo wasile kabisa nyama iliyopigwa kwa risasi za madini hayo. Mwindaji akitumia risasi za shaba, tatizo hili halipo.

Tumemkuta amekufa porini, bado hajanuka. Tumle?

Hapana, na msimguse. Kusini-magharibi mwa Texas, kuelekea Uvalde na Ozona, kimeta huzuka mara kwa mara wakati wa joto. Mwaka 2019 kiliua mifugo na wanyamapori. Mbegu za kimeta huvumilia moto wa kawaida wa jikoni. Mnyama mwenye damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni asipasuliwe. Toeni taarifa kwa daktari wa mifugo.

Ini lina vifuko vyenye maji. Nikate niendelee?

Tupa ini lote. Huenda ni vifuko vya tegu anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, ugonjwa unaojulikana sana Turkana, Kenya. Mtu haambukizwi kwa kula vifuko hivyo bali kwa mayai yanayotoka na kinyesi cha mbwa, ndiyo maana kosa kubwa ni kumrushia mbwa ini hilo. Lifukie kwa kina au lichome.

Nyama ni ngumu na inanuka beberu. Nifanyeje?

Harufu iko kwenye mafuta. Ondoa yote meupe pamoja na ule utando unaong'aa juu ya misuli, maana utando huo hauivi hata ukichemshwa mchana kutwa. Iache nyama kwenye friji, nyuzi 1 hadi 4, kwa siku tano kabla ya kupika. Papai bichi pia hufaa: kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokunwa kwa kila kilo, dakika 30 hadi 60. Ukilaza usiku kucha, nyama inakuwa uji kwa nje na gome kwa ndani.

Kwa kilo 2 za paja, kata vipande vya sentimita 4. Kaanga kwa mafuta kidogo hadi vibadilike rangi, vichache vichache, la sivyo vitatoa maji na kuchemka. Tia vitunguu maji 3 vilivyokatwa, kijiko kimoja cha tangawizi, kimoja cha kitunguu saumu, nusu ya bizari nyembamba, chumvi, na maji ya kufunika. Moto uwe mdogo, maji yacheze tu yasitokote, kwa saa 3 hadi 4; katika sufuria ya presha, kama saa moja. Tui zito litiwe mwishoni, lisije likakatika.

Nitajuaje imeiva kiusalama?

Usiamini rangi. Nunua kipima joto cha nyama na ukichome katikati ya kipande kinene: nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga na ndiyo kiwango tunachopendekeza kwa nyama yote ya porini, kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma. Mshikaki wa juujuu wenye damu katikati tusiupe nafasi, hasa kwa wajawazito. Friza haiui bakteria, inawalaza tu.

Na ya kukausha?

Kata vipande vyembamba, uviweke kwenye oveni au mchuzi unaochemka hadi vifike nyuzi 71, ndipo ukaushe. Ukikausha kwanza, bakteria huzoea ukavu na kustahimili joto la baadaye. Mabaki ya mchuzi yakae kwenye friji siku 3 hadi 4, na yapashwe hadi nyuzi 74.